Divo na king'ora cha moshi

Mwanangu,

Umeniuliza kama divo, taa yetu ya utambi, ikiwa ya betri inahesabika Diwali hii, sikukuu yetu ya taa, maana huko Leicester, Uingereza, king'ora cha moshi kinalia kila ukiwasha ya samli. Kwanza niambie, utambi unautokeza kiasi gani? Ukizidi nusu ukucha, hiyo si divo tena, ni koroboi.

Vidivo vya udongo viloweke majini usiku kucha, kisha uvianike vikauke kabisa. Vikitoka dukani vikavu hunywa samli yote, taa ikazima katikati ya aarti, ile ibada ya kuzungusha taa. Pamba isokote kwa viganja vikavu. Utambi wenye unyevu hutatarika na kurusha cheche. Uchovye wote kwenye samli iliyoyeyuka, uulaze, ncha itazame mashariki. Kusini ni kwa taa ya Yama, mungu wa mauti, jioni ya Dhanteras, Diwali inapoanza. Na baridi ya huko hugandisha samli, utambi ukalala njaa na chakula kipo. Tia ya moto, kidogo kidogo. Taa hulishwa, haiwashwi tu.

Unaijua ile Navratri, ibada ya usiku tisa, ya Kisutu, Dar es Salaam. Akhand divo, taa isiyotakiwa kuzimika usiku wote tisa; usiku wa saba, utambi umeota ua la masizi. Kabla ya kulikata unawasha kwanza kidivo cha pembeni kutoka kwenye ile kubwa, ili moto uwe na pa kukaa. Baba yako mdogo alikuwa na haraka ya kwenda kucheza ngoma ya garba, akakata bila kidivo. Utambi ukazama. Ba, bibi yako, akawasha upya kwa kibiriti, wala hakusema neno mpaka usiku wa tisa. Hadi leo baba yako mdogo hagusi taa nyumbani kwetu.

Nilitaka kuandika kwamba Mungu hakukihesabu kile kibiriti. Lakini Ba alikihesabu. Tena Ba huyo huyo ndiye aliyekuwa akitundika taa za umeme za rangi barazani kila Diwali, Lakshmi, mungu wa kike wa neema, aione nyumba toka mbali! Kwa hiyo za betri… hapana, sisemi. Ila ile hailishwi, na taa hulishwa.

Panga za betri dirishani ukitaka. Ya samli iwe moja, kwenye sahani ya shaba, mbali na pazia. Kuzima usipulize, usukume utambi ndani ya samli. Pamba ya Ba ipo kwenye kopo la maziwa. Shangazi yako akisafiri nitampa akuletee.

Mama yako