Kabla hujapeleka sola Ngazija, mtafute anayenunua dizeli

Vijana wanaoingia biashara ya sola hapa Mombasa, wakishachoka kupunguziana bei wenyewe kwa wenyewe, huanza kutupa macho visiwani. Sishangai. Komoro, ambayo Ngazija ndicho kisiwa chake kikubwa, iko hapo kusini, majahazi ya Bandari ya Kale yamekwenda huko tangu enzi za mababu, na ukiuliza Mji wa Kale hukosi mtu mwenye shangazi Moroni, mji wake mkuu. Jua lipo la kutosha, stima hukatikakatika, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye jenereta za dizeli. Ukiyasikia hayo unaona biashara imeshaiva, kumbe hata sufuria haijabandikwa.

Wageni karibu wote huanza na ndoto ya megawati: utakodi shamba, utasimamisha paneli elfu kadhaa, utaliuzia stima shirika la umeme la huko, SONELEC, kwa miaka ishirini. Mimi nawaambia waiweke kando. Mkataba wa namna hiyo una thamani ya mfuko wa anayekulipa, na shirika linalochoma dizeli na kuegemea serikali halitakulipa wewe kabla halijalipia mafuta. Miradi mikubwa ya visiwani huja na fedha za wafadhili. Shelisheli walipojengewa mitambo minane ya upepo ya jumla ya megawati 6 mwaka 2013, fedha zilitoka Abu Dhabi. Benki ya Dunia nayo mwaka 2022 iliidhinisha dola milioni 43 kwa mradi wa sola wa Komoro. Hapo unaweza kupata kazi ndogo chini ya mkandarasi mkubwa, na hiyo ni kazi ya halali kabisa, ila usiiite uwekezaji. Mvuke wa ardhini chini ya Karthala, mlima wa volkano wa Ngazija, ndio usiuguse. Hata kwetu Olkaria, inayotoa stima ya mvuke huo tangu 1981, visima vingi vimechimbwa kwa fedha za serikali na mikopo ya nje, maana kisima kimoja hula mamilioni ya dola kabla hujajua kama kina mvuke.

Fursa ya mtu wa kiasi chetu iko kwa yule anayenunua dizeli kwa pesa yake mwenyewe. Mwenye hoteli, mwenye ghala la baridi la samaki, kliniki, kijiji chenye pampu ya maji. Huyu huna haja ya kumshawishi kwa habari za tabianchi. Muombe risiti za dizeli za miezi kadhaa, kaa naye mezani, mpige hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10 (yaani kilowati-saa 10), lakini jenereta nzuri hukurudishia 3 au 4 tu, nyingine zote zinapotea kwa joto na kelele. Ile ndogo iliyochakaa hufika 2 kwa taabu. Sasa kilowati moja ya paneli katika ukanda wetu wa pwani, ukiihesabu kwa uangalifu, hutoa kama yuniti 4 kwa siku. Paa la kilowati 30 basi ni yuniti 120, yaani lita 30 hadi 40 ambazo hazikuchomwa siku hiyo. Zidisha kwa bei ya lita iliyo kwenye risiti zake, si bei uliyoisoma mahali.

Lakini hapo pana sharti ambalo wauzaji wengi hulimeza: yuniti hizo ziwe zimetumika. Hoteli hula stima usiku, viyoyozi vikiunguruma wageni wamelala. Tanuri la mikate huwaka kabla ya alfajiri. Kwa hao lazima uingize betri, na bei inabadilika sura kabisa. Ghala la baridi linakula mchana na usiku, kwa hiyo mchana wote ni wako. Pampu ya maji ndiyo mteja ninayempenda kuliko wote. Ngazija haina mito ya kudumu, mwamba wake wa volkano humeza mvua, na tangi lililojaa mchana hutumika usiku bila betri hata moja.

Kuhusu fedha, kuna jambo geni kwa mtu wa shilingi. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro: yuro moja ni faranga 491.96775, haipandi wala haishuki. Paneli unanunua kwa dola, mkopo wako ni wa shilingi, mapato yako yatafuata yuro. Tumezoea kuogopa shilingi ikianguka. Ukiwa na mteja Moroni, kinachokuumiza ni shilingi ikinyanyuka. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa inacheza karibu na 130. Aliyekopa benki ya hapa kwa hesabu ya 160 alibaki na deni lilelile na mapato yaliyonywea. Kwa hiyo chukua malipo makubwa ya mwanzo, na muda wa mteja kumaliza deni uwe mfupi, hata kama itakulazimu kupunguza faida.

Halafu paa ni la nani? Ngazija nyumba kwa desturi ni ya mwanamke, na ardhi ya ukoo, wanayoiita manyahuli, hupita upande wa mama. Mume ndiye amehamia. Utakuta bwana mchangamfu anakukaribisha, anakubali kila kitu, na sahihi yake haina uzito. Muombe kwa adabu ukae na mkewe na kaka zake mkewe, mweleze mama mwenye nyumba paneli zitakaa wapi na nani atapanda juu kuzisafisha, kisha ndipo mwandike. Mimi naona mikataba ya huko hufia hapa zaidi ya kwenye mitambo. Na hiyo hiyo nyumba mara nyingi inajengwa kwa fedha za jamaa walio Marseille, Ufaransa, wanaorudi Julai na Agosti kwa sherehe za anda, ile harusi kuu ya kimila. Pesa yote wakati huo ni ya harusi. Peleka bei yako mapema, Aprili au Mei, mwenye harusi akianza kuwaza taa zisimzimikie mbele ya wageni.

Ya ufundi nitayapitia haraka. Soketi ni za Kifaransa, na barua na mikataba pia, kwa hiyo lipia mtafsiri. Leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, haikupi ruhusa yoyote kule. Paneli zitazame kaskazini. Kwetu kaskazi ni jua kali, kwao kashkazi ni mvua na hatari ya kimbunga, kama Kenneth cha Aprili 2019, basi funga mitambo wakati wa kusi na skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Majivu ya Karthala yamewahi kumwagika juu ya mapaa, mwaka 2005, kwa hiyo acha njia ya kupanda na maji ya kuoshea. Meli kubwa haifungi gati Moroni, mizigo hushushwa kwenye matishari, na kioo hakipendi mchezo huo. Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari kwa sheria za bahari. Nahodha wa jahazi anaweza kukubali kuzibeba, mwenye bima hakubali.

Na inverta ya akiba, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iweze kuendesha vyombo vya kawaida, iandikwe kwenye bei ya kwanza, kwa jina lake na gharama yake, ikae kwa fundi wa palepale mliyefunga naye mitambo. Mteja akiuliza kwa nini alipie kitu kitakachokaa kabatini, mwambie samaki wake wataoza kwa siku ngapi akisubiri nyingine itoke Mombasa.