Jibu: Kwa nini "si tendría" imekatwa

Ndugu, mwalimu wako hakukuonea. Umeuliza kwa nini alikata sentensi yako ya Kihispania, "Si tendría dinero, compraría una casa", wakati sisi tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba", -nge- huku na huku. Tatizo liko hapo hapo: Kihispania hakirudii. Upande wa "si" (yaani "kama") unadai umbo jingine, tuviera. Compraría inabaki upande wa matokeo tu. Si tuviera dinero, compraría una casa. (Ukifika Burgos au Bilbao, kaskazini mwa Uhispania, utawasikia baadhi ya wenyeji wakisema "si tendría" bila wasiwasi, lakini kwenye mtihani usithubutu.)

Kuliunda umbo hilo la compraría ni rahisi kwa vitenzi vya kawaida (tendría si mmoja wao). Usikate chochote: chukua kitenzi kizima, hablar (kuongea), comer (kula), vivir (kuishi), kisha ubandike -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Hablaría, comería, viviría. Makundi yote matatu, miisho ile ile. Mimi kilichonitesa ni comía na comería. Tofauti ni silabi moja tu, ila ya kwanza ni "nilikuwa nikila" na ya pili "ningekula". Itegee sikio hiyo r.

Umbo hilo hilo hutumika pia kwa adabu: mkahawani sema "me gustaría un café", yaani "ningependa kahawa". "Quiero" (nataka) inaweza kusikika kama unaamuru. Na usishtuke ukisikia "serían las tres": hapo hakuna sharti lolote, mtu anakisia tu, "ilikuwa kama saa tisa hivi". Naam, saa tisa, kwa saa zetu.