Mnaoanza uhusiano wa kimataifa, vita msianze kuisoma pale ilipoishia

Wadogo zangu mliopata nafasi kusoma uhusiano wa kimataifa mwaka huu karibuni sana. Nimesahihisha pepa za mwaka wa kwanza vya kutosha na kuna swali halikosekani, linabadilishwa nguo tu: vita kuu ya pili ilibadilishaje mpangilio wa dunia? Na nusu ya darasa wanaleta jibu lile lile la madesa, vita iliisha 1945, viongozi wakakutana San Francisco, wakaunda Umoja wa Mataifa ili vita isirudi, basi. Ukiandika hivyo sapu huli, ila A nayo isahau, maana umesimulia tu, hujaeleza kwa nini mambo yalikaa vile na siyo vingine.

Fanyeni hivi, chukua karatasi panga tarehe halafu angalia ni mangapi yalishaamuliwa watu wakiwa bado wanauana. Agosti 1941 Roosevelt wa Marekani na Churchill wa Uingereza wanakutana melini pwani ya Newfoundland, wanatoa Hati ya Atlantiki, yaani tamko la dunia wanayoitaka baada ya vita, na Marekani yenyewe wala haijaingia vitani. Januari 1942 nchi 26 zinasaini Azimio la Umoja wa Mataifa, yaani jina hilo lilikuwa la kambi moja ya vita kabla halijawa la shirika la amani. Julai 1944 wanajeshi hawajamaliza hata miezi miwili tangu washuke Normandy, huku wajumbe wa nchi 44 wako hotelini Bretton Woods wanapanga pesa za dunia zitaendeshwaje. Februari 1945 kule Yalta Stalin wa Umoja wa Kisovieti, Roosevelt na Churchill wanakubaliana veto, yaani ile kura ya kuzuia uamuzi, itumikeje. San Francisco wanafungua mkutano tarehe 25 Aprili, Berlin bado inapiganiwa. Sasa ukishaona hivyo swali lako linabadilika lenyewe, unaanza kuuliza wakati wanakaa mezani nani alikuwa na nini mkononi.

Chukua Bretton Woods. Uingereza ilimpeleka mchumi wake Keynes, na wazo lake lilikuwa kuwe na pesa ya kimataifa, bancor, ambayo siyo ya nchi yoyote. Upande wa Marekani alikuwepo Harry Dexter White, yeye akitaka mfumo usimame juu ya dola. Kwa hoja Keynes hakuwa mtu wa kuchezea, lakini nchi yake ilikuwa inapigana kwa misaada ya Marekani, hoja ingemsaidia nini? Dola ikafungwa kwenye dhahabu, dola 35 kwa aunsi, na pesa za wengine zikafungwa kwenye dola. Desemba 1945, vita imeshaisha na Uingereza ni mshindi kabisa, inakopa Marekani dola bilioni 3.75 kwa sharti kwamba pauni iruhusiwe kubadilishwa kuwa dola. Julai 1947 wakafungua, dola zikawatoka kwa kasi mpaka Agosti wakafunga tena wenyewe. Deni lile lilimalizwa Desemba 2006, ndiyo, 2006, baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa au mko njiani. Mtu akishaelewa hapo hashangai kwa nini mwaka 1956, Uingereza ilipovamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, Rais Eisenhower wa Marekani aliwaondoa Waingereza kwa kuwabana kwenye pauni tu.

Kingine, someni Hati ya Umoja wa Mataifa yenyewe, siyo notsi za mtu aliyeisoma. Ipo bure mtandaoni na ni fupi. Fungua ibara ya 23 uone wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama, mpaka leo imeandikwa Jamhuri ya China na Umoja wa Kisovieti. Kiti cha China kilienda Beijing mwaka 1971, cha Kisovieti kikachukuliwa na Urusi mwaka 1991, maandishi hayakuguswa. Halafu ruka mpaka ibara ya 108, ukitaka kubadili lolote lazima theluthi mbili ya wanachama waridhie na wale watano wa kudumu wote wawemo. Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini Afrika haina kiti cha kudumu, siyo kwenye zile hotuba za viongozi kwenye Baraza Kuu kila Septemba. Waasisi kutoka Afrika walikuwa wanne tu, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na huyo wa mwisho alikuwa serikali ya Wazungu wachache.

Mkitaka mfano wa nyumbani upo, na nashangaa watu wanauruka. Tanganyika ilitoka kwa Wajerumani baada ya vita ya kwanza ikawa chini ya Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, halafu mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kenya ni koloni la kawaida, mtawala huyo huyo. Ibara ya 76 ya udhamini inataja uhuru, ya 73 inayohusu makoloni inaishia kwenye kujitawala tu. Kwa nchi ya udhamini Baraza la Udhamini lilipokea malalamiko ya wananchi na kutuma ujumbe kukagua, ndiyo maana Machi 1955 Nyerere aliweza kusimama mbele yao New York akaisemea TANU, wakati Kenya mwaka huo iko chini ya hali ya hatari na mlango kama ule haina. Ila msipitilize mkaandika kwamba Umoja wa Mataifa ndio ulioleta uhuru, Waingereza walikuwa hata ratiba hawataki kuisikia, kazi ya kujaza watu kwenye chama na kushinda chaguzi za 1958 na 1959 ilifanyika huku huku.

Na ile Hati ya Atlantiki ilisema watu wana haki ya kuchagua serikali yao. Churchill alirudi bungeni Septemba 1941 akasema waliokusudiwa ni Wazungu walio chini ya Hitler. Too late, ANC ya Afrika Kusini mwaka 1943 walishaichukua wakaandika madai yao kipengele kwa kipengele.

Wanaotaka kuandika kuhusu BRICS, lile kundi la akina Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, na dola kuanguka, subirini semista ya pili, topiki ipo, na lekchara wenu ataanza kwa kuwauliza nani anashika nini.