Maswali ya Wasomaji: Shingo Inauma, Bima Imekataa Kulipa

SWALI: Naandaa madai ya bima katika kliniki ya maumivu hapa Minnesota, Marekani. Daktari aliandika "maumivu ya viungo vya shingo", kisha akamchoma mgonjwa sindano za ganzi za uchunguzi kwenye neva tatu za upande wa kulia: C4, C5 na C6. Niliweka msimbo wa ugonjwa M54.2 pamoja na misimbo ya sindano 64490, 64491 na 64492. Dai limerudi. Nimekosea wapi?

JIBU: Makosa ni mawili, na la kwanza limeanzia kwenye maandishi ya daktari.

M54.2 ni msimbo wa dalili: shingo inauma, basi. Hausemi kama kinachouma ni kiungo, diski (mto laini kati ya pingili) au msuli. Sindano ya faseti, yaani vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili, inataka ugonjwa unaozihusu faseti zenyewe. Daktari akiandika kwamba zimechakaa, bila ugwe mgongo (neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo) wala mizizi ya neva kuathirika, weka M47.812 na uiondoe M54.2, kwani maumivu ni sehemu ya ugonjwa huo. Uchakavu ukigusa mzizi wa neva, maumivu yakashuka mkononi, ni M47.22. Chanzo kikiwa diski, nenda kundi la M50, ambalo haliruhusiwi kuandamana na M54.2 kwa tatizo hilohilo.

Tafadhali usimchagulie daktari. Ripoti ya eksirei kusema faseti zimechakaa hakuthibitishi kuwa ndizo zinazouma. Mwulize kwa maandishi chanzo cha maumivu ni nini, bila kumtajia jibu unalolitaka, naye aongeze maelezo yenye tarehe na saini.

Kosa la pili ni la hesabu. Misimbo hiyo ya sindano huhesabu viungo, haihesabu neva wala matundu ya sindano. Neva za C4 na C5 huhudumia kiungo cha C4-C5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano ya shingo. C5 na C6 huhudumia C5-C6. Neva tatu, viungo viwili. Kwa hiyo weka 64490 na 64491, kila mmoja na alama ya RT ya upande wa kulia, na 64492 uifute. Uongozaji wa sindano kwa eksirei umo ndani ya misimbo hiyo, usiongeze msimbo wake wa 77003.

Kwa mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, faili lionyeshe maumivu ya wastani au makali yaliyodumu angalau miezi 3, tiba zilizojaribiwa bila kufaa, na kipimo cha maumivu kabla na baada ya sindano. Tiba inayofuata, kuunguza neva kwa mawimbi ya redio, hailipwi mpaka sindano mbili za uchunguzi, zilizopishana angalau wiki 2, kila moja iwe imepunguza maumivu kwa asilimia 80 au zaidi. "Mgonjwa amepata nafuu" haitoshi. Daktari aandike namba: kutoka 8 hadi 1 inapita, kutoka 8 hadi 2 ni asilimia 75, haifiki.