Nyambizi ya rimoti: maliza kwanza uzito, mota baadaye

Mkuu, umesema nyambizi yako ya bomba la PVC ama inaelea kama ndoo tupu au inakwenda chini moja kwa moja, na ikishafunikwa na maji haisikii rimoti. Yote mawili yamenikuta. Yangu niliijenga nyumbani Kigamboni, na miezi miwili ya kwanza niliimalizia kwenye mota na propela wakati uzito sijauweka sawa.

Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Kila sentimita moja ya urefu wake inasukuma maji kama mililita 95. Langu lina sentimita 50, maana yake ni lita 4.75, kwa hiyo ili litulie katikati ya maji, lisipande wala kushuka, lazima liwe na kilo 4.75 na kila kitu kikiwa ndani. Ndiyo, chombo kidogo hivyo! Tumia mizani, usikisie kwa mkono.

Kuzama na kuibuka kwangu ni sirinji mbili za mililita 60. Mota ndogo yenye gia inazungusha chuma chenye nyuzi, pistoni zinarudi nyuma, maji yanaingia. Kutoka tupu hadi kujaa, tofauti ni gramu 120 tu. Ukikosea uzito kwa gramu 200, hata ubonyeze nini haitakutii. Nilichofanya: nilijaza sirinji nusu, nikaitia nyambizi kwenye pipa la lita 200, nikaongeza chubwi za kuvulia moja moja mpaka ikaning'inia majini. Chubwi zikae chini kabisa tumboni pamoja na betri, la sivyo ikizama inabiringika. Betri za risasi za volti 6 zinafaa sana hapa kwa sababu uzito wake unauhitaji hata hivyo.

Baada ya pipa nikaipeleka baharini, maji yamejaa, ikakataa kuzama. Nikafungua kila kitu nikidhani pistoni zimekwama, kumbe hazina tatizo. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bombani kwa karibu asilimia 2.5, na kwa lita 4.75 hiyo ni gramu 119 hivi za kunyanyua. Mimi nilikuwa nimebakiza gramu 60 za kuongeza. Tangu siku hiyo nina mafungu mawili ya chubwi, la maji baridi (yasiyo na chumvi) na la bahari.

Sasa rimoti. Hiyo yako ya gigahezi 2.4 inafaa kwa gari na ndege. Majini mawimbi yake humezwa upesi mno. Tafuta ya zamani ya megahezi 27 au 40, hata ya mtumba. Kwenye maji baridi inashuka mita kadhaa vizuri, na wewe uko Mwanza, Ziwa Victoria linakufaa kuliko bahari yangu. Huku chumvi inaua hata megahezi 40 ndani ya sentimita chache, ndiyo maana yangu inaburuta waya mwembamba wa antena uliofungwa kwenye kiboya.

Vifuniko nimetumia oringi (pete za mpira za kuzuia maji) na girisi ya silikoni. Usidharau kina cha mita moja: kila kifuniko cha bomba hilo kinasukumwa na nguvu ya karibu kilo 9.5. Kabla ya kuweka saketi, weka gazeti kavu ndani, funga, lizamishe usiku kucha. Gazeti likilowa utaona maji yamepitia upande gani. Kwangu yalipitia kwenye shafti ya propela, nikaipitisha ndani ya kibomba cha shaba kilichojaa girisi.

Siku ya kwanza ziwani funga mshipi wa kuvulia mkiani. Mimi mshipi ndio ulioirudisha mara mbili.

Tuwekee hapa urefu na kipenyo cha nje cha bomba lako tupige hesabu ya uzito.