Kabla Hujailaumu Lenzi ya Enlaja Yako

Enlaja yangu, yaani mashine ya kukuza picha kutoka negativu, ni Meopta Opemus ya Chekoslovakia. Niliinunua Tanga kwa mpiga picha aliyekuwa anafunga chumba chake cha giza. Picha za kwanza zilinikatisha tamaa: kona tatu safi, ya nne imefifia. Nikaamini lenzi imekwisha. Nilihangaika miezi miwili kutafuta nyingine, na nilipoifunga, kona ni ileile. Kumbe kichwa cha mashine kimeinama.

Ukipata enlaja kuukuu, anza na umeme. Waya wa mpira wa zamani hukauka ukapasuka. Fundi aubadilishe wote na aweke ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, maana mashine ni ya chuma na mikono yako itakuwa imelowa dawa za kusafishia picha. Kisha fungua kondensa, zile lenzi nene zilizo chini ya balbu, uzipanguse kwa pamba safi. Ukizirudisha, pande zilizobinuka zitazamane. Kwa sisi wa pwani, mulika pia lenzi ndogo kwa tochi utafute ukungu (fangasi). Huonekana kama nyuzi za buibui.

Sasa kazi yenyewe: kunyoosha. Ubao wa chini, negativu na lenzi lazima vilale sambamba. Chukua pima maji ndogo, iweke juu ya ubao, utie alama pale povu liliposimama. Si lazima liwe katikati. Hata meza ikiwa imeinama haidhuru. Kisha iweke inapokaa negativu, ukielekeza upande uleule. Povu lisimame palepale. Geuza pima maji upande wa pili, urudie. Panapopungua, legeza skrubu, chomeka kipande chembamba cha bati la kopo la soda, ukaze tena. Mimi ilinichukua Jumapili nzima, na sikuijutia hata saa moja.

Hakiki kwa negativu iliyopigwa na mwanga ikawa nyeusi: ikwaruze mistari kwa wembe, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, utazame kama mistari ni safi kona zote nne. Kwa negativu za milimita 35 tumia lenzi ya milimita 50. Kwa sentimita 6 kwa 6, ya 75 au 80.

Balbu iwe nyeupe ya maziwa, isiyo na maandishi kichwani, la sivyo herufi zinaweza kutokea kwenye picha.

Mwisho ni taa nyekundu ya chumba cha giza. Taa ikiwaka, weka sarafu juu ya karatasi ya picha, subiri dakika 5, kisha safisha karatasi hiyo kwenye dawa. Ukiona duara jeupe la sarafu, taa hiyo haifai.