Fishabodi zimeoza: nizibe upenu wote?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yangu iko Tanga, imeezekwa bati. Fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, zimeoza upande unaopigwa na kusi, plaiwudi ya upenuni inabomoka, na popo wamehamia darini. Fundi niliyempata anataka kutoa mbao zote na kuziba upenu kwa mbao za plastiki (PVC), "pasiingie hata inzi". Nimruhusu?

JIBU: Marahaba. Mbao zibadilishwe, hilo halina ubishi. Kuziba mpaka inzi akose njia, nakataa.

Usiku bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na kwa unyevu wa pwani umande hushika upande wake wa chini, juu ya dari yako. Matundu ya hewa hayauzuii umande huo. Kazi yake ni kuukausha jua likipanda, na kutoa lile joto linalowakosesha usingizi. Ukiziba, unyevu unabaki kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa bati), na mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kuvu wa kuozesha hupata makao.

Hewa iingie chini, itokee juu. Kipimo ninachotumia ni cha Marekani: matundu yawe sehemu 1 kwa 300 ya eneo la dari, nusu upenuni, nusu juu. Tuseme dari yako ni mita 9 kwa 10: unahitaji sentimita za mraba 3,000, yaani 1,500 chini. Mwanya wa milimita 25 kati ya PVC na ukuta, pande mbili za mita 10, unakupa 5,000. Wavu wa mbu utakula karibu nusu na vumbi litaongeza yake, lakini bado inatosha. Wavu usiuache, kwani mbu wa malaria hupenda kuingilia upenuni. Kwenye gebo, ule ukuta wa pembetatu mwishoni mwa paa, weka tundu la sentimita 40 kwa 40 kila upande, nalo lenye wavu.

Ila hewa haiponyi paa linalovuja. Kagua kwanza ncha za bati: zikikatwa fupi, maji hurudi nyuma yakitambaa kwenye fishabodi. Nataka zizidi mbao kwa sentimita 5 hivi. Na gata, je, haijaziba? Mbao mpya ipakwe rangi pande zote na kwenye ncha kabla ya kupigiliwa. Mafundi wengi hupaka uso tu. Kabla ya kufunika, choma ncha za kenchi kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye papai, PVC isubiri.

Popo zibieni njia giza likishaingia na wote wametoka, baada ya kuhakikisha hakuna watoto ndani. Kinyesi chao msikifagie kikavu, kinaweza kubeba kuvu wa mapafu: lowesheni kwanza, na vaeni barakoa.